Kishungi Alikuwa Bado Analalia

Mwanangu Kabula,

Kuku uliyemla leo mchana alikuwa Kishungi. Hakununuliwa sokoni kama nilivyokuambia. Mimi ndiye niliyemtoa stoo akiwa juu ya mayai yake, na mimi ndiye niliyemwambia bibi yako kwamba mayai yale ni viza. Hayakuwa viza. Hilo hakuna anayelijua, hata bibi yako mwenyewe. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na ninakuandikia kwa sababu kwa mdomo nimejaribu mara kadhaa tangu jioni nikashindwa.

Umelala nyuma yangu, mguu mmoja nje ya shuka. Asubuhi utaondoka na baba yako mpaka Kigongo, mtavuka kwa kivuko, na utaishi kwake Sengerema. Mambo ya kuoga, kufua soksi na kusalimia wakubwa sitayaandika. Bibi yako ameshayasema na atayasema tena mpaka gari liondoke. Mimi nataka nikueleze mambo ya leo yalivyokwenda, kwa sababu tangu asubuhi nimekuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Nafanya kazi, naitika, nabeba sinia, lakini sikio langu moja bado linavuma. Ukikutana na neno gumu, liruke. Utalielewa ukiwa mkubwa.

Walipofika nilikuwa uani nachanganya pumba na unga wa dagaa. Wanaume wawili walipiga hodi, nikapiga magoti nikawaamkia. Yule mkubwa akaitikia, akanitazama, akamgeukia mwenzake.

"Huyu ndiye mama mdogo? Mbona ni mdogo kweli kweli."

Wakacheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu, bila kujua nacheka nini. Yule mwingine, mwembamba, hakucheka sana. Huyo ndiye baba yako. Sikumtambua. Mara ya mwisho nilimwona nikiwa mtoto, siku tuliyomzika dada yangu Esta, mama yako. Alisimama nje ya ua hadi watu wakatawanyika. Hakuingia kwa kuwa hakuwa ametoa ng'ombe. Na kwa sababu hakuwa ametoa ng'ombe, wewe ulibaki wetu. Ndivyo ilivyo kwetu: mtoto ambaye ng'ombe wake hawajatolewa ni wa kwao mama yake. Ulikuwa hujaanza kutembea. Nilikubeba mgongoni, nikaendelea kukubeba, na watu wakazoea kutuona hivyo.

Mimi nami nilizoea. Nilikuwa nikijiambia, nani ataswaga ng'ombe mpaka Igogo, kwenye mawe haya, ambako hata mbuzi wa jirani hana pa kulala? Sikufikiria Kisesa. Ng'ombe wamepelekwa kwa kaka yake babu yako kule Kisesa, wamepokelewa, wazee wamekunywa na kumaliza maneno. Sisi huku tulikuwa hatujui lolote. Babu yako alisema sebuleni, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Ng'ombe wameshaingia zizini. Mtoto ana kwao sasa."

Wewe ulikuwa kwa jirani unasukwa nywele.

Bibi yako alinivuta uani. "Milembe, wale ni wakwe. Wakwe hawalishwi dagaa."

"Kuku hatuna, mama."

"Na Kishungi?"

"Analalia."

Unajua kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilivyotusafishia banda. Kilimwacha Kishungi peke yake kwa kuwa alikuwa stoo juu ya mayai, hakuchanganyika na wenzake. Jogoo alikwenda, mitetea wote wakaenda. Bibi yako alilijua hilo kuliko mimi. Alisimama akiwa ameshika birika, akafikiri.

"Siku zake si zimetimia?"

"Zimetimia."

"Zimetimia na hakuna hata lililodonolewa? Nenda kayatie majini. Kama ni viza, huyo kuku anajichosha bure na sisi anatuaibisha."

Kazi hiyo unaijua, tena unaipenda kuliko mimi. Yai lenye kifaranga, siku zikitimia, ukiliweka kwenye maji ya uvuguvugu yaliyotulia linacheza lenyewe, kama kuna mtu anaugonga mlango kwa ndani. Lililokufa linakaa tu. Wewe hukaa mbele ya beseni ukiwa umeziba mdomo kwa mkono ili pumzi yako isitikise maji. Ungekuwepo wewe, Kishungi angekuwa hai.

Mimi nilichukua maji ya mtungi, ya baridi, kwa sababu jikoni kulikuwa na chai ya wageni. Hilo ni kosa la kwanza. Kifaranga akipata baridi ananyamaza, anajikunja. Kosa la pili ni kwamba macho yangu yalikuwa kwenye beseni lakini masikio yangu yalikuwa ukutani. Stoo na sebule zinatenganishwa na ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta ule walikuwa wanakuzungumzia wewe.

"Anasoma?"

"Yuko darasa la pili. Ana akili."

"Afya yake?"

"Mbona nzima. Hata surua ilimpitia juu juu."

Haikukupitia juu juu. Nilikaa na wewe usiku na mchana nikikupangusa macho. Nilikuwa nasikiliza kama babu yako atalisema hilo, na hakulisema, wakahamia kwenye saa za kivuko. Nilipotazama tena beseni, mayai yalikuwa yametulia kama mawe ya ziwani. Sikungoja. Niliyaopoa, nikamrudishia Kishungi kiotani. Nilitoka nikasema, "Ni viza, mama."

"Yote?"

"Yote."

Nilimshika Kishungi na hakukimbia. Alinidonoa mkononi mara moja, kisha akatulia, akidhani nataka kumlisha kama kila siku. Babu yako alimchinja nyuma ya nyumba. Nilipomnyonyoa niliona kifuani na tumboni hana manyoya. Alikuwa ameyang'oa mwenyewe ili ngozi yake iguse mayai, na ngozi ile ilikuwa bado ya moto. Bibi yako alimpima kwa mkono akasema, "Amekonda huyu."

Sasa nikuambie la pale mkekani, ambalo hukulielewa. Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa, nikaliona lote. Baba yako alikuita ukae karibu naye. Sinia lilipofika, firigisi ilikuwa imewekwa upande wake, kama inavyotakiwa kwa mgeni wa heshima. Tangu nizaliwe sijawahi kuonja firigisi. Bibi yako naye hajawahi, na kuku amewapika maisha yake yote. Baba yako aliichukua kwa vidole viwili, akaipuliza, akakutia wewe mdomoni.

Baba yako mkubwa, yule aliyekuja naye, aliacha kutafuna. "Unampa mtoto wa kike firigisi?"

"Si mmesema ni yangu? Nampa nimtakaye."

Babu yako akakohoa, kisha akacheka, wote wakacheka. Wewe ulikuwa unatafuna macho yamekutoka, unanitazama mimi kuniuliza kama umekosea. Sikutikisa kichwa wala kuitikia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule mtu, Kabula. Nilikuwa nimeanza vizuri kabisa. Halafu akafanya lile, na mimi nikabaki na jagi mkononi, sijui nimwage maji au nimnawishe nani.

Baada ya chakula waliniita ndani. Babu yako akasema, "Milembe, wewe ndiye umemlea. Una neno?"

Wote walinitazama. Nilikuwa na maneno mengi, hata sasa ninayo. Nikasema, "Sina, baba."

Nilipotoka ndipo nikabeba yale mayai kwenye ungo kwenda kuyatupa shimoni, kule nyuma ya mwamba. Nilishika la kwanza, nikainua mkono, na yai likalia mkononi mwangu. Lililia kama unavyolia wewe ukiwa ndotoni, sauti ndogo ya kulalamika. Nilikaa chini pale pale kwenye takataka. Nililiweka sikioni, likalia tena. Nikachukua jingine. Hilo halikulia, lakini kitu kilisogea ndani yake, nikakisikia kwa kiganja. Mama yao alikuwa matumboni mwetu.

Niliyafunga kwenye kanga nikayaweka tumboni, ndani ya blauzi, nikarudi nayo nyumbani. Bibi yako akaniuliza, "Umetupa?" Nikasema, "Nimetupa." Ukanikuta chumbani, nywele zako zinanukia mafuta, ukauliza, "Mama mdogo, Kishungi yuko wapi?" Nikasema, "Analalia. Usimsumbue." Wewe ukatembea kwa vidole vya miguu hadi ulipolala.

Taa hii ninayoandikia si ya kuandikia. Ni chemli ya mayai. Liko hapa miguuni pangu lile boksi jeupe la kiwanda cha minofu, lile ambalo babu yako aliliokota akasema halipitishi joto, ndiyo maana samaki wa kupelekwa Ulaya husafiri ndani yake na barafu. Nikawaza kwamba kama halitoi baridi halitatoa joto pia. Nimetoboa matundu pembeni, nimetandika matambara, nimeweka kikombe cha maji ili hewa isikauke, na taa nimeitenga kwa matofali isiguse chochote. Mayai matatu yameshadonolewa. Moja lina tundu, na kwenye tundu kuna kidomo kinachopumua, kinapumzika, kinapumua.

Mkono wangu unawasha kutaka kulimenya. Unakumbuka mwaka ule meno yako ya mbele yalipong'oka? Kifaranga kimoja kilichelewa, ukalia kwamba kimechoka, nami nikataka uache kulia. Nikamenya ganda kidogo kidogo kwa kucha. Tukaona damu. Nilidhani ni ya kawaida, nikaendelea, na kikatoka laini, kimelowa, kitumbo kiko wazi, kikafa kwenye kiganja changu. Nilikuambia kimelala. Nadhani ulijua. Kile kifaranga kilikuwa bado kinavuta damu yake kutoka kwenye ganda, ndiyo kazi kinayofanya kikionekana kimechoka. Mimi nilimsaidia yule aliyekuwa analia badala ya yule aliyekuwa anatoka. Kosa hilo nimelirudia kwako mara nyingi. Ulipokuwa unachelewa kusoma, nilikusomea. Ulipoogopa kwenda dukani, nilikwenda mimi, nami naogopa maduka kuliko wewe.

Kuna jingine ambalo lazima niliandike ingawa naona haya. Nikiwa kidato cha tatu, ulikuja kunipokea njiani. Ukanikimbilia mbele ya wenzangu, ukiniita "Mama." Msichana mmoja akauliza, "Milembe, kumbe una mtoto?" wengine wakapiga makofi. Nilikushika mkono nikakubana, nikakuambia uniite Dada mbele za watu. Ulitii siku ile ile. Kuanzia siku hiyo hukusahau hata mara moja, na hata tukiwa peke yetu ulianza kuniita Mama mdogo. Ningetaka ungekuwa mkaidi kidogo. Wale wasichana wengine siwakumbuki hata majina.

Mtoto wa kuku asiye na mama anahitaji joto, lakini joto nalo linaua. Ulipokuwa mdogo nilikufunika blanketi mbili na sweta la babu yako juu, kwa sababu mama yako alikufa akitetemeka na mimi nilidhani baridi ndiyo iliyomuua. Ukatoka vipele mwili mzima, ukawa unahema, na mimi nikakuongezea shuka. Bibi yako ndiye aliyekufunua. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwangalie mtoto, usiangalie hofu yako." Tangu hapo sikuwahi kuuliza mtu vifaranga vinataka joto kiasi gani. Ninatazama vinavyolala. Vikirundikana chini ya taa, vina baridi. Vikikimbilia pembeni na kuachama midomo, vinaungua. Vikitawanyika, hiki hapa, kile pale, kimoja kimenyoosha bawa, basi pametosha.

Huko unakokwenda kuna mke wa baba yako na watoto wake. Simjui. Siwezi kukuambia ni mwema au si mwema, na usimwamini mtu atakayekuambia kabla hujafika. Watazame wale watoto jioni wanavyokaa. Kama wametawanyika nyumbani, mmoja anacheza, mmoja anabishana, mmoja amelala miguuni mwa mama yake, nenda na wewe ukakae popote.

Nimeacha kidogo kuandika. Kimetoka. Kimebaki hapo kwenye tambara, kimelowa, kibaya kabisa, shingo haijui pa kukaa. Nimeziba mdomo kwa mkono kama wewe. Nilitaka kukuamsha, nikageuka, nikakutazama, nikaacha. Ungekiona ungeniuliza mama yake yuko wapi, na mimi nisingeweza kusema tena kwamba analalia.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikalisha hapa.

Babu yako ni mtu wa kuogopa mikosi. Unajua aliwahi kuahirisha safari ya kwenda msibani kwa sababu alijikwaa mlangoni kwa mguu wa kushoto. Na mama yake bibi yako, wakati wa uhai wake, alikuwa akisema kuku anayelalia mayai yenye vifaranga hachinjiwi mgeni. Mgeni akimla, anaondoka na njaa ya vifaranga begani. Ndiyo maana bibi yako aliniuliza mara mbili, "Yote?" Nikiinuka sasa hivi, nikagonga mlango wao, nikawaonyesha hili boksi, huendi kokote asubuhi. Babu yako atakaa kitandani ashike kichwa. Wageni wataambiwa warudi kwanza, wazee wa Kisesa waitwe, mambo yatazamwe upya. Ingechukua wiki. Labda zaidi. Labda baba yako angeogopa, akaacha kabisa. Mimi ambaye mchana sikuwa na neno, neno ninalo hapa miguuni, linalia.

Nimeinuka mara mbili. Mara ya pili nilifika mlangoni kwao, nikaweka kiganja kwenye ubao. Nilimsikia bibi yako akigeuka kitandani. Nikafikiri, wakikuzuia kwa ajili ya hili, utabaki hapa ukiitwa nani? Utakuwa mtoto ambaye safari yake iliharibika. Kila ukiumwa watakumbuka. Kila ng'ombe akifa Kisesa watakutazama. Na mimi ningekuwa nimekupata kwa kuwatia watu hofu juu yako, kisha ningekulea ndani ya hofu hiyo hiyo, nikikufunika shuka juu ya shuka. Nikatoa mkono mlangoni. Sikuutoa kwa ujasiri, usije ukadhani. Niliutoa kwa sababu nilikuwa nimeona ulivyomtazama yule mtu alipokuwa anaipuliza ile nyama ili isikuunguze. Hakuna mwanaume aliyewahi kukupulizia chakula.

Kwa hiyo asubuhi nitakusindikiza mpaka Kigongo. Nitakaa kimya kama kawaida yangu, na ukiniona kimya usifikiri sina la kusema, maana limeandikwa humu. Jambo moja nitalisema kwa mdomo, mbele ya wote, nimelifanyia mazoezi hapa kwa sauti ndogo: nitamwomba baba yako akulete shule zikifungwa. Nitamwita Shemeji, nitamtazama usoni. Kama sauti itakatika katikati, wewe malizia.

Cha pili kinatoka. Sijui vingapi vitaishi. Huenda kwa ule ubaridi wa beseni vingine nimevimaliza mwenyewe. Vitakavyopona nitavilea kwa taa mpaka viote manyoya, na bibi yako nitamwambia nimepewa na mtu. Hataamini. Hataniuliza pia.

Wewe nakuomba ufiche. Usimwambie babu yako, usimwambie bibi, usiwaambie watoto utakaowakuta huko hata mkiwa marafiki. Ukiisoma barua hii hadi hapa, iingize jikoni kwenye moto, isubiri iishe. Zaidi ya wote, usimwambie baba yako alichokula kwetu. Alipewa kipande kizuri kuliko vyote, akakupa wewe. Mwache aendelee kudhani kilikuwa kizuri.

Ni mimi mama yako,
Milembe